Maandishi ya Kijapani ukutani: yanasema nini, na ya mkono utayajuaje?

Januari 2019 mwimbaji wa Marekani Ariana Grande alichorwa tatuu ya Kijapani kiganjani. Alikusudia isomeke "pete saba". Kilichotoka ni 七輪. Alama ya kwanza ni "saba", na ya pili ni "duara", "gurudumu" au "pete". Kwa kamusi hakukosea kitu. Ila Mjapani akiziona alama hizo mbili zimekaa pamoja hafikirii pete hata kidogo. Anasoma *shichirin*, yaani jiko dogo la mkaa, lile la kuchomea samaki.

Mtandaoni watu walicheka, kisha wakasahau. Kosa lenyewe halikuisha, maana liko ukutani kwenye sebule, migahawa na saluni nyingi duniani. Mtu hununua bango lenye alama nyeusi na muhuri mwekundu kwa sababu linapendeza, anatundika juu ya sofa, halafu mgeni anauliza, "Hiyo inasemaje?" Nyumba nzima inatazamana.

Kinachouzwa kama "maandishi ya Kijapani" ni vitu vingi vilivyochanganywa: kazi ya mkono, chapa ya mashine, Kichina kinachoitwa Kijapani, na alama zisizo na maana yoyote. Kuvitenganisha si kazi ngumu ukishajua mambo machache.

Alama moja si herufi moja

Sanaa hii ya kuandika kwa brashi na wino huitwa *shodo*, 書道. *Sho* ni uandishi, *do* ni njia, ile ile *do* iliyomo katika judo na kendo. Mtoto wa shule anapofundishwa kuandika vizuri kwa brashi, hilo huitwa *shuji*, yaani mazoezi ya mwandiko. Shodo huanza pale mwandiko unapokuwa sanaa.

Kijapani huandikwa kwa seti tatu za alama zinazochanganyika katika sentensi moja. *Kanji* zilitoka China kupitia Korea, na kila moja hubeba maana. *Hiragana* na *katakana* hubeba sauti tu, na kila seti ina alama za msingi 46. Hiragana ilizaliwa kutokana na kanji zilizoandikwa kwa kasi hadi zikalainika, katakana kutokana na vipande vya kanji vilivyokatwa na watawa waliohitaji kuandika maelezo madogo pembeni mwa vitabu vyao. Zote mbili zilipata umbo katika zama za Heian, zilizoanza mwaka 794.

Njia nyepesi ya kuielewa kanji ni kuitazama tarakimu 7. Mswahili huisoma "saba", Mfaransa huisoma kwa neno lake, Mhindi kwa lake, na wote wanaelewa kitu kile kile. Tarakimu haina sauti yake yenyewe, ina maana. Kanji ni hivyo hivyo, isipokuwa badala ya kumi ziko maelfu. Orodha rasmi ya serikali ya Japani kwa matumizi ya kawaida ina 2,136, na mtoto wa shule ya msingi hufundishwa 1,026 kati ya hizo.

Mfano wa tarakimu unaishia hapo. Kanji mbili zikikaa pamoja mara nyingi huzaa neno la tatu ambalo huwezi kulikisia. Chukua "kifungua kinywa". Mgeni mwenye kamusi atakuambia ni kifaa cha kufungulia mdomo, na kila neno atakuwa amelitafsiri sawasawa. Ndicho kilichompata yule mwimbaji. Kwa hiyo anayekuuzia bango kwa kusema "hii ni nguvu, hii ni upendo, nimeziunganisha, sasa ni nguvu ya upendo" anakuuzia kifaa cha kufungulia mdomo.

Jina lako kwa Kijapani

Hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa zaidi. Mtandaoni huzunguka jedwali linaloonyesha kanji moja kwa A, nyingine kwa B, mpaka Z. Jedwali hilo ni uongo mtupu. Hakuna uhusiano wowote kati ya kanji na herufi za Kilatini, na jina lililoandikwa kwa njia hiyo halisomeki na mtu yeyote duniani isipokuwa mwenye jedwali.

Majina ya wageni huandikwa kwa katakana, kwa kufuata sauti. Amina ni アミナ. Juma ni ジュマ. Hayo ni maandishi sahihi, na mwandishi mzuri anaweza kuyafanya yapendeze, ingawa katakana ina mistari mikavu na haina mvuto wa kanji.

Lakini hata katakana ina mitego. Amani ni jina zuri kwetu, na ni neno zuri kulitundika ukumbini. Liandike kwa katakana, アマニ, na Mjapani atasoma *amani*, ambayo kwao ni mbegu za kitani. Mafuta yake huuzwa kwenye chupa madukani kama mafuta ya afya. Hakuna ubaya katika mbegu za kitani, ila huenda siyo ulichotaka kumwambia mgeni.

Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kuandika maana badala ya sauti: 平和, *heiwa*, ambayo ni amani kinyume cha vita, au 和 peke yake, *wa*, yenye maana ya upatanifu. Hii ya pili pia hutumika kumaanisha "ya Kijapani", kama katika *washi*, karatasi ya Kijapani. Njia ya pili ni kuchagua kanji kwa sauti zake huku ukitazama pia maana: 亜 kwa "a", 真 kwa "ma", ambayo ni kweli, na 仁 kwa "ni", ambayo ni utu. Inasomeka Amani na inabeba kitu. Tafadhali usiifanye mwenyewe kwa kamusi ya simu. Mwachie mtu anayejua kanji zipi zinakaa vizuri kwenye jina na zipi zina harufu ya msiba au ya hospitali.

Kuhusu Kichina na Kijapani: kanji nyingi wanashirikiana, lakini maneno mara nyingine yameachana kabisa. 手紙, "mkono" na "karatasi", kwa Kijapani ni barua. Kwa Kichina ni karatasi ya chooni. Sura nazo zimetofautiana kwa sababu kila nchi ilirahisisha alama kwa utaratibu wake katika karne ya 20. "Upendo" ni 愛 Japani na 爱 China bara. Ukiuziwa 爱 kama Kijapani, aliyekuuzia hajui anachouza.

Mwendo uliobaki kwenye karatasi

Sasa tuje kwenye sanaa yenyewe, maana mpaka hapa tumezungumzia maneno tu, na maneno hata printa inaweza kuyatoa.

Kila kanji ina idadi yake ya mistari na mpangilio wake: upi unaanza, upi unafuata, kutoka wapi kwenda wapi. Mistari nayo ina miisho yake. Unaweza kusimama na kukandamiza brashi (*tome*), kuirusha kama ndoano (*hane*), au kuiachia ifagie hadi iishe (*harai*). Wanafunzi hujifunza haya kwa alama moja, 永, "milele", kwa sababu ndani yake mna miondoko minane ya msingi.

Mwandishi anapiga mstari mara moja. Kurudia juu ya mstari ili kunenepesha palipokonda au kufunika palipokatika ni mwiko, na jicho lililozoea hulitambua hilo papo hapo kwa sababu wino wa pili huvimba kando. Wapenzi wa hati za Kiarabu wamezoea kitu tofauti kidogo: fundi wa thuluthi, mojawapo ya mitindo ya hati hizo, huandika kwa kalamu ya tete, kisha anaruhusiwa kusafisha kingo mpaka herufi itimie. Katika shodo kasoro hubaki, au karatasi hutupwa. Mtu anaweza kuandika karatasi mia moja za alama moja na kubakisha moja.

Kwa hiyo kinachotundikwa ukutani ni alama ya mwendo uliotokea mara moja. Palipo na weusi mzito unaosambaa kwenye karatasi (*nijimi*) brashi ilikuwa imejaa na ikakawia. Palipo na michirizi mikavu yenye weupe ndani (*kasure*) brashi ilikuwa imekauka au ilipita kwa kasi. Mtazamaji asiyejua neno hata moja anaweza kufuata kwa macho: hapa alianza, hapa aliegemea, hapa alikimbia, hapa alishusha pumzi.

Mitindo ni mitano, na kuichagua ni uamuzi wa pambo kama kuchagua kitambaa cha pazia. *Tensho* ndiyo ya kale zaidi, ya mistari yenye unene sawa kama waya uliopindwa. Leo utaiona zaidi kwenye mihuri. *Reisho* ni pana na tulivu, mistari yake ya ulalo ikiishia kama mkia wa samaki. *Kaisho* ni ya kusomeka wazi, kila mstari peke yake. *Gyosho* imelegea, mistari ikianza kushikana mikono. *Sosho* inakimbia, alama nzima inaweza kubaki mipindo miwili au mitatu.

Hapa pana dhana moja ya kuiondoa: kwamba Mjapani yeyote atakusomea ulichonacho ukutani. Kaisho, ndiyo. Sosho, wengi wao hawawezi, kwa sababu inahitaji kusomewa. Kwa hiyo rafiki Mjapani akikuna kichwa mbele ya kazi yako, hiyo si ithibati kwamba ni ya bandia.

Kwa nyumba ya kisasa yenye kuta tupu na samani za mistari iliyonyooka, gyosho na sosho ndizo hufanya kazi vizuri, kwa sababu zinaleta kitu kilichopinda na chenye pumzi mahali palipojaa pembe. Kaisho kwenye chumba cha namna hiyo huwa kama tangazo.

Waliovunja mlango

Wengi huamini shodo ni kitu cha hekalu na mianzi tu, na kwamba kuiweka karibu na sofa ya ngozi ni kuinajisi. Wajapani wenyewe walishalimaliza jambo hilo. Mwaka 1952 huko Kyoto kundi la Bokujinkai lilianzishwa na waandishi akiwamo Morita Shiryu na Inoue Yuichi. Walikuza alama moja hadi ijae karatasi kubwa kuliko meza, wakaandika kwa brashi mithili ya mifagio, na wakawa wanazungumza moja kwa moja na wachoraji dhahania wa Marekani na Ulaya. Alama ambayo Inoue anajulikana nayo sana, aliyoirudia tena na tena, ni 貧: umaskini. Hakuna duka la mapambo ambalo lingeithubutu, na bado ni mojawapo ya kazi zenye nguvu kuliko "furaha" na "bahati" zote zinazouzwa mtandaoni.

Mwingine ni Shinoda Toko, aliyezaliwa mwaka 1913 na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 107. Yeye aliipeleka mistari ya wino mpaka ikaacha kuwa alama za kusomeka, na alitengeneza chapa nyingi za litografia, yaani chapa za mawe. Namtaja makusudi, kwa sababu chapa si neno baya. Chapa aliyoisimamia na kuitia sahihi msanii mwenyewe ni kazi ya sanaa. Picha iliyopakuliwa na kuchapishwa kwenye turubai la plastiki ni kitu kingine, hata ikiwa na ukubwa wa mlango.

Namna ya kutambua ya mkono

Anza na kamera ya simu. Ikuze picha kwa karibu kabisa ukingoni mwa mstari. Chapa ya mashine itaonyesha vitone vya rangi, vya samawati, vya waridi, vya njano, hata kwenye nyeusi. Wino wa kweli utaonyesha nyuzi za karatasi zilizolowa.

Kisha simama kando, taa ikiwa inapiga kwa ubavu. Karatasi iliyolowa wino hukunjamana kidogo, na penye wino mzito huwa na mng'ao mdogo. Kama karatasi haijawekewa karatasi ya mgongo, igeuze: wino wa kweli hupenya hadi nyuma.

Ipo dalili moja ambayo waigaji wengi hawaijui. Wino ukiwa mwepesi, wa kijivu, tazama mistari inapokatana. Utadhani mstari uliopigwa mwisho ndio utakuwa juu. Huwa kinyume: wa kwanza ndio huonekana juu, kwa sababu gundi iliyomo katika wino wake tayari imeziba nyuzi na kuufukuza wino unaofuata.

Mwisho tazama muhuri mwekundu. Umegongwa kwa rojo nzito ya unga wa zinjifuri, madini mekundu, hivyo una unene ukiutazama kwa ubavu. Kwa kawaida huwa upande wa kushoto chini, karibu na sahihi. Mihuri ikiwa miwili, wa juu mara nyingi ni jina la kawaida, alama nyeupe kwenye uwanja mwekundu, na wa chini ni jina la sanaa, alama nyekundu kwenye uwanja mweupe. Huo ndio msaada wako wa kwanza kwa tatizo linalochekesha kuliko yote, yaani kazi kutundikwa kichwa chini. Kama sahihi na muhuri viko juu kulia, geuza. Usiuchanganye na ule muhuri mdogo mrefu unaoweza kuwekwa juu kulia pale maandishi yanapoanzia. Huo huwa peke yake, bila sahihi.

Maandishi husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza. Mabango ya kale ya ulalo yenye alama tatu au nne nayo husomwa kulia kwenda kushoto. Mtu aliyesoma chuo cha Kurani hapati shida na hilo.

Wino na karatasi vinavyoamua maisha ya kazi

Kijiti cha wino, *sumi*, ni masizi yaliyofinyangwa na gundi ya wanyama na manukato kidogo. Masizi ya mafuta hutoa weusi wenye joto, unaoelekea kahawia, na ya msonobari hutoa weusi wa baridi unaoelekea bluu, jambo linaloonekana zaidi wino ukiongezwa maji. Mji wa Nara ndio kitovu, na karakana ya Kobaien imekuwa huko tangu mwaka 1577. Kazi hufanywa miezi ya baridi kwa sababu joto huozesha gundi kabla kijiti hakijakauka. Brashi nyingi za Japani hutoka Kumano, mkoa wa Hiroshima. Karatasi bora za jadi hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la *kozo*, jamii ya mforosadi, na ufundi huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014.

Masizi ni kaboni, na kaboni haipauki kwa mwanga. Kinachoharibika ni kila kitu kinachoizunguka: karatasi hugeuka njano, hariri ya pembeni hupauka, zinjifuri hupoteza wekundu wake. Ndiyo maana kusikia kwamba "wino wa Kijapani hudumu karne nyingi" kusikufanye uitundike kazi mbele ya dirisha la magharibi.

Tofauti kati ya wino wa kusaga na wa chupa ina maana kwa mnunuzi pia. Kusaga huenda polepole: matone machache ya maji juu ya uwanja wa jiwe la kusagia, kijiti kinazungushwa bila kukandamizwa, dakika 10 hadi 15 kwa karatasi chache. Ukiharakisha unapata chembe kubwa na wino wenye changarawe. Wino uliosagwa ukilala usiku mzima gundi yake huanza kuoza, na hapo ndipo matatizo huanza baadaye. Karatasi ikilowanishwa wakati wa kubandikwa karatasi ya mgongo, wino huo huchuruzika na kuchafua weupe wote. Baadhi ya wino wa chupa, hasa ule wa mazoezi ya watoto unaotengenezwa uweze kufuliwa, hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kumpa fundi kazi aibandike, muulize mwandishi ametumia wino gani na lini. Iache ikauke siku kadhaa, wiki ni bora.

Gombo, fremu au kadi

*Kakejiku* ni gombo la kutundika. Kazi hubandikwa juu ya tabaka za karatasi kwa gundi ya wanga wa ngano, huzungushiwa hariri au kitambaa cha nakshi, juu huwekwa fito nyembamba yenye kamba, chini huwekwa mti mnene wa kuviringia wenye vichwa vinavyochomoza pande mbili. Sehemu ya kitambaa ya juu huitwa mbingu, ya chini ardhi, na mbingu hufanywa ndefu kuliko ardhi kwa sababu gombo liliundwa litazamwe na mtu aliyeketi sakafuni. Mahali pake pa asili ni *tokonoma*, kishubaka cha chumba cha wageni kilichokua katika zama za Muromachi (1336–1573). Hapo huwekwa gombo moja na labda ua moja, basi.

Gombo la kawaida huwa na upana wa takriban sm 55 na urefu wa sm 190. Pima ukuta kabla ya kununua. Kwenye chumba chenye dari ya sm 250 litajaa ukuta, na chini yake hutaweka kabati.

Hatari kubwa ya gombo katika nyumba zetu ni feni. Upepo hulipeperusha, na vichwa vya mti wa chini hukwaruza rangi ya ukuta mpaka vichore pinde mbili. Wajapani hutundika vizito vidogo, *fuchin*, kwenye vichwa hivyo ili gombo litulie. Ndani ya chumba chenye feni ya dari inayozunguka kutwa, fremu ni uamuzi wa busara zaidi.

Katika fremu, kosa la kwanza la mafundi wengi ni kubandika karatasi yote juu ya hadibodi kwa gundi nyeupe ya mbao. Inaonekana nyororo siku ya kwanza. Baada ya msimu mmoja wa mvua hadibodi inatanuka, karatasi inafuata au inakataa, na mawimbi yanatokea. Asidi ya hadibodi nayo huitia karatasi rangi ya kahawia kutoka nyuma. Kuibandua bila kuichana haiwezekani.

Mweleze fundi hivi. Nyuma liwe kadibodi lisilo na asidi. Kazi ishikwe kwa vibawaba viwili vya karatasi nyembamba, sm 2 hadi 3, kwenye ukingo wa juu peke yake, ili upande wa chini uning'inie huru na karatasi ipate nafasi ya kutanuka. Gundi iwe ya wanga wa ngano: kipimo kimoja cha wanga kwa vinne au vitano vya maji, ikorogwe motoni kwa dakika 20 hadi 30 mpaka iwe angavu, ipoe, ichujwe. Unga wa chapati haufai kwa sababu una protini inayoota kuvu. Kioo kisiguse karatasi. Acha nafasi ya angalau mm 5, kwa pasipatuu (kadi yenye dirisha inayokaa kati ya kazi na kioo) au vijiti vilivyofichwa ndani ya fremu, maana hewa yenye unyevu ikiganda nyuma ya kioo karatasi itang'ang'ania hapo na kuota madoa. Pwani, ambako unyevu hukaa juu ya asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, nafasi hiyo ni lazima, pamoja na vipande vidogo vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili fremu isigusane na ukuta. Wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia nyuma ya vitabu hupenda wanga, na giza bichi nyuma ya fremu ndiyo nyumba yao.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni *shikishi*: kadi ngumu ya sm 24.2 kwa 27.2, yenye ukingo wa dhahabu, inayoandikwa moja kwa moja. Haihitaji kubandikwa, hukaa kwenye fremu ndogo, na unaweza kubadilisha kadi upendavyo. Shikishi moja ya mkono ina thamani kuliko turubai la mita mbili la mashine, na ukuta utakubaliana nami.

Pa kuiweka

Weupe unaozizunguka alama, *yohaku*, ni sehemu ya kazi. Kuijaza pembe kwa saa ya ukutani, picha za harusi na maua ya plastiki ni sawa na kupiga kelele mtu anapoongea kwa sauti ya chini. Kazi moja, ukuta mmoja. Ukitaka kipimo, acha pande zote utupu usiopungua nusu ya upana wa fremu.

Kitovu cha kazi kiwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni pale watu wanaposimama au kupita. Sebuleni ambako watu wameketi, shusha sm 10 au 15. Juu ya sofa acha sm 15 hadi 25 kati ya mgongo wa sofa na fremu. Ikiwa juu zaidi inaelea, ikiwa chini zaidi vichwa vya wageni vitaacha alama za mafuta. Taa ya LED yenye mwanga wa vuguvugu, ikipiga kwa pembe na si kutoka mbele, huonyesha unene wa wino na kuepusha mwako wa kioo. Jikoni na ukuta wa pamoja na bafu havifai kabisa.

Ukiagiza kazi mpya, mwandikie mwandishi kile unachotaka kisemwe, kwa sentensi kamili, badala ya kumtumia alama ulizopata mtandaoni. Mwombe akurudishie maneno aliyoyachagua, namna yanavyosomwa, na mahali ambapo Mjapani angetarajia kuyaona. Swali hilo la mwisho huokoa watu wengi. 一期一会, *ichi-go ichi-e*, "kukutana huku hakutarudi tena", ni maneno ya chumba cha chai na yanafaa sebuleni. Maneno mengine mazuri yana nyumba yao mahekaluni au matangani, na kamusi haisemi hivyo.

Wenye gombo hulibadilisha kwa majira, na hiyo si anasa tu, bali ndiyo inayolipunguzia mwanga. Lishushe siku kavu, kamwe usilishushe mvua inaponyesha, kwa sababu unyevu ukiviringwa ndani ndio mbegu ya kuvu. Pangusa vumbi kwa brashi laini. Viringa kutoka chini bila kubana, mikono miwili, mpaka ufike juu, kisha weka kipande kidogo cha karatasi juu ya gombo pale kamba itakapopita kabla hujaifunga, la sivyo kamba itaacha mkunjo kwenye hariri ambao hautoki.